Ruta ya Mjalidi

Kampuni ilinipa ya kwanza bure,
nyeupe, laini kama sabuni ya hoteli,
pamoja na karatasi ya kusaini ambayo mimi, Remei,
mjalidi wa vitabu hapa Manlleu miaka arobaini na mmoja,
sikuisoma.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu alikaa miaka sita juu ya kabati la viatu
na sikujua nimshikishe jembe gani.
Saa tisa usiku alikonyeza taa yake ya kijani,
akazima, akawaka, akanong'ona na mtu.
Asubuhi neno la siri nililomwekea halikuwa lile tena.
Nikapiga simu. Kijana mpole sana akasema:
"Tumeiboresha, mama."
Humu nyumbani mwangu?
"Ndiyo, mama. Bila malipo."

Basi nikajifunza, na miaka yangu sabini na mitatu,
kwamba bure na huru ni maneno mawili
yanayokaa jirani na hayasalimiani.

Oleguer wa ghorofa ya pili, fundi wa mizani za mabucha,
akashuka na kompyuta yake
na mkate uliosuguliwa nyanya.
"Nitafutie," nikamwambia, "ile ninayoweza kuifumua."
Maana kitabu chenye kurasa zilizogandishwa kwa gundi
si kitabu, ni tofali lenye jina.

Akanionyesha moja yenye antena nane,
buibui aliyelala chali.
Kasi yake! Ingeleta filamu kabla sijaiomba.
Programu yake ya ndani karibu yote iko wazi, akasema,
isipokuwa faili moja dogo la redio,
limefungwa, na waliolifunga hawasemi.
"Dogo kiasi gani?"
"Kama punje."
Nimeona kamusi nzima ikiliwa na funza mdogo kuliko punje.
"Toa hiyo."

Ya pili, vilevile.
Ya tatu ilijiita huru kwenye boksi, kwa herufi za dhahabu;
tukakwangua dhahabu, chini yake kufuli.
Mkate ukaisha. Oleguer akaanza kupiga miayo.

Iliyofaa ilikuwa Torelló, kwa daktari wa meno aliyefunga kliniki:
antena mbili, moja imeinama,
vumbi la plasta kwenye matundu, euro kumi na nane.
Chipu ya kizamani, ya enzi ambapo watengenezaji
bado walikubali kueleza walichokitengeneza.
Oleguer akafuta yaliyokuwemo, akapandisha mapya,
dakika nne nilizokatazwa kugusa waya;
nikakalia mikono yangu kama mtoto kanisani.

Sasa niseme ukweli, sifa tupu hazijalidi kitabu.
Ni ya polepole. Chumba cha nyuma hakipati kitu.
Mjukuu wangu Biel akija Jumapili mpira wake unaganda,
mguu wa mchezaji hewani,
naye ananitazama kana kwamba nimemzaba kofi.
Na kile kisanduku cha nyuzi ukutani
bado ni chao, kimefungwa, kinakonyeza.
Uhuru wangu unaanzia sentimita arobaini kutoka ukutani,
urefu wa waya wa njano.

Jana usiku nikaufungua msimbo wake, kuangalia tu.
Sikuelewa. Mistari, mistari, mabano kama meno ya kitana.
Nikateremka nao kama ninavyopitisha kidole kwenye mshono,
hadi mahali ambapo mtu ameandika kwa lugha ya watu:
Samahani, hapa nimeunga ovyo. Nitarudi kurekebisha.
Miaka kumi na mmoja iliyopita. Hakurudi.

Nikacheka peke yangu jikoni.
Ndani ya uti wa daftari la ubatizo la parokia
nami niliwahi kuacha kikaratasi kama hicho:
uzi uliniishia, nikashonea wa viatu.
Bado kimo.
Atakayefumua atakiona.